Almanaka ya Bwana Good: Hila na Utambulisho wa Bandia katika Mashimo ya Mfalme Sulemani

Mjini Eldoret upo mtaa uitwao West Indies. Wakazi wake hulitamka jina hilo kila siku bila haja ya kulitafakari, na hawana kosa. Hata hivyo, jina lenyewe lilizaliwa katika mkanganyiko wa utambulisho. Mwaka 1492 Christopher Columbus alifika katika visiwa vya Bahari ya Karibi akidhani kwamba amefika pande za Bara Hindi. Akawaita wenyeji Wahindi, na visiwa vikabaki na jina la mahali pengine. Hilo lilikuwa kosa la kutojua. Lililofuata lilikuwa la makusudi. Mwaka 1504 merikebu zake zilikuwa zimeliwa na fukusi na kukwama ufuoni mwa Jamaica, na wenyeji walikuwa wamechoka kumlisha yeye na mabaharia wake. Columbus alikuwa na almanaka iliyotungwa na mnajimu Mjerumani Regiomontanus, akasoma humo kwamba usiku wa tarehe 29 Februari mwezi utapatwa. Aliwaita wakuu wa kisiwa, akawaambia kwamba Mungu wake amewakasirikia na kwamba hasira hiyo itaonekana mbinguni. Mwezi ulipopatwa, vyakula vikaletwa. Kisa hiki kimewafikia wasomaji kwa kalamu za upande mmoja tu, ule wa waliodanganya, na mmoja wa wasimulizi wake ni Fernando, mwana wa Columbus mwenyewe.

Makala haya yanakusudia kuchunguza jinsi hila ya namna hiyo ilivyoingia katika nathari ya Kiswahili kwa njia ya tafsiri, na hasa kwa njia ya Mashimo ya Mfalme Sulemani. Hoja inayotetewa ni kwamba katika riwaya hiyo utambulisho wa kweli wa Mwafrika hauaminiki mpaka usimamishwe juu ya utambulisho wa uongo wa Mzungu. Aidha, mhusika wa pekee anayeutambua ukweli wa pande zote mbili ndiye ambaye hadithi, na baada ya hadithi wasomaji wengi, wamemwita mchawi.

Riwaya ya H. Rider Haggard ilitoka London mwaka 1885. Tafsiri yake ya Kiswahili, ambayo ni kazi ya Frederick Johnson, ilichapishwa mwaka 1929. Mwaka huo huo ilitoka pia Kisiwa chenye Hazina, tafsiri ya riwaya ya Robert Louis Stevenson ya mwaka 1883. Johnson ndiye aliyekuja kuwa katibu wa kwanza wa Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 ili kusanifisha Kiswahili katika makoloni ya Afrika Mashariki. Kwa hiyo vitabu hivi vilisomwa darasani kama vielelezo vya nathari: vilimwonyesha mwanafunzi jinsi sentensi ya Kiswahili sanifu inavyokwenda, na papo hapo vilimfundisha amcheke nani.

Kwa msomaji wa Uasin Gishu ulimwengu wa Allan Quatermain haukuwa wa mbali hata kidogo. Makaburu walioongozwa na Jansen van Rensburg walifika katika uwanda huo mwaka 1908 kwa magari ya kukokotwa na ng'ombe, wakiwa wametoka katika Afrika Kusini ile ile ambamo Quatermain anaanzia safari yake. Mji uliokua katikati ya mashamba yao, penye kiwanja nambari 64, ukapewa jina la Eldoret mwaka 1912. Mtoto wa kibarua aliyebahatika kufika shule alikuwa anamfahamu mtu wa kofia, bunduki na gari la ng'ombe kabla hajakutana naye kitabuni. Hakuwa na sababu yoyote ya kumdhania kwamba ametoka nyotani.

Kabla ya kufika katika nchi ya Wakukuana, inafaa kumtazama kwa ufupi John Silver wa Kisiwa chenye Hazina, maana yeye ndiye kipimo kizuri cha hila katika riwaya za safari na mikasa. Jim Hawkins ameonywa na baharia mzee ajihadhari na mtu wa mguu mmoja. Anapomkuta mtu wa mguu mmoja huko Bristol hamshuku, kwa kuwa mtu huyo ni nadhifu, mcheshi na mwenye baraza la wateja. Silver anaajiriwa kuwa mpishi wa merikebu, na siri yake haifichuki mpaka Jim anapoyasikia maneno yake akiwa ndani ya pipa la matofaa. Alama ya mwili ilikuwa wazi tangu mwanzo. Tabia ndiyo iliyoifunika. Jambo la kuzingatia ni kwamba hapa mdanganyifu na mdanganywa wanazungumza lugha moja na kula chakula kimoja, na kila mmoja anao uwezo wa kumfichua mwenzake. Hata Ben Gunn anapojificha mitini akiigiza sauti ya marehemu Flint, maharamia wanaogopa, lakini Silver anaivunja hila hiyo kwa hoja mbili tu: mzuka hauna kivuli, basi iweje uwe na mwangwi, na sauti yenyewe ni ya mtu anayemfahamu. Wadanganywa wa Stevenson wameachiwa akili zao. Swali ni kwa nini Wakukuana wa Haggard wamenyimwa.

Jibu halipatikani kwa kusema tu kwamba Haggard alikuwa mtu wa ubeberu, ingawa alikuwa. Jibu limo katika msuko. Mashimo ya Mfalme Sulemani ina watu wawili waliojificha, au tuseme makundi mawili, na hadithi nzima inategemea jinsi siri ya mmoja inavyoegemezwa juu ya uongo wa mwingine.

Wa kwanza ni Umbopa. Anajitokeza huko Durban akiomba kufuatana na msafara, na anasema kwamba hataki fedha, anataka nafasi na chakula tu. Hapo msomaji makini huanza kushuku, kwa sababu mtumishi asiyetaka ujira ama ni mjinga ama ana lake jambo, na Umbopa si mjinga. Anamtazama Sir Henry Curtis uso kwa uso na kusema naye kama mtu na mwenzake, jambo linalomuudhi Quatermain, ambaye ni mwepesi wa kuona kiburi kwa mtu mweusi na mzito wa kukiona kwake mwenyewe. Utumishi wa Umbopa ni vazi. Ndani yake yumo Ignosi, mwana wa Imotu, mfalme halali wa Wakukuana, ambaye mama yake alimtorosha akiwa mtoto baada ya Imotu kuuawa na ndugu yake pacha, Twala. Hajidai kuwa zaidi ya alivyo; anajidai kuwa pungufu.

Wa pili ni wale Wazungu watatu. Wanapoishuka milima na kukutana na askari wa Wakukuana, Bwana Good yuko katikati ya kunyoa: upande mmoja wa uso una ndevu, mwingine hauna, miguu iko wazi, kioo kiko kwenye jicho moja. Anayatoa meno yake ya bandia na kuyarudisha, na wenyeji wanashtuka. Quatermain anaidaka nafasi hiyo na kutangaza kwamba wao wametoka katika nyota. Bunduki inapomwangusha mnyama kwa mbali, uongo unapata ushahidi. Kuanzia hapo Good analazimika kubaki vile vile, nusu amenyolewa na bila suruali, kwa kuwa watu wameshaiona miguu yake myeupe na kuifanya kuwa sehemu ya ajabu yake. Hiki ndicho kichekesho bora kabisa cha Haggard, na pengine ni cha kweli kuliko alivyokusudia: aliyewafunga wengine kwa uongo amejifunga mwenyewe ndani ya suruali asiyoruhusiwa kuivaa.

Sasa litazamwe suala la ushahidi, maana ndipo riwaya inapojifichua. Ignosi anavua nguo na kuonyesha alama ya nyoka iliyochorwa kiunoni mwake, alama anayotiwa mwana wa kwanza wa mfalme anapozaliwa. Infadoos, mzee aliye ndugu wa baba yake, anaiona na kupiga magoti. Msomaji wa haraka hudhani kwamba suala limekwisha. Lakini Infadoos huyo huyo ameshasimulia kwamba siku Twala alipotwaa ufalme, Gagula alimvua Twala nguo mbele ya umma uliokuwa umechanganyikiwa kwa njaa, akaonyesha kiunoni mwake alama ile ile ya nyoka. Pacha wote wawili wanayo. Kwa maneno mengine, alama iliyoundwa ili kumtenganisha mfalme wa kweli na wa uongo imekwisha kutumika, mbele ya umma, kumsimika wa uongo. Kinachojua nani ni nani katika nchi ile si ngozi. Ni kumbukumbu ya ndugu anayejua yupi alitangulia. Infadoos ni shahada ya kuzaliwa inayotembea.

Hapa Haggard alikuwa ameshika uzi wa hadithi kubwa. Jamii yenye sheria ya urithi, yenye alama iliyoghushiwa na shahidi mzee mmoja aliye hai, ingeweza kulitatua suala lake kwa njia zake: baraza, ushuhuda, mabishano ya koo, hata vita. Badala yake, wakuu wanapoletwa usiku kumsikiliza Ignosi, wanasita na kudai ishara. Na ishara haitoki kwa Ignosi. Inatoka katika mfuko wa Good, aliye na almanaka, na humo imeandikwa kwamba kutatokea kupatwa. Giza linapoingia katikati ya ngoma ya kuwaua wasichana, wakuu wanaamini, jeshi linagawanyika, na Ignosi anapata watu wa kumpigania. Ukweli wa mtoto wa Imotu, uliotunzwa na mama mkimbizi na kuthibitishwa na baba mdogo, haukutosha. Ulihitaji kudhaminiwa na uongo wa watu wa nyotani. Huyu ni Columbus wa Jamaica aliyehamishiwa kusini mwa Afrika, ila safari hii wadanganyifu wanataka kuonekana kwamba wanamtetea mwenyeji.

Inafaa kutaja kando kwamba katika matoleo ya kwanza ya Kiingereza lililopatwa ni jua, na Haggard baadaye akalibadilisha likawa mwezi, kwa sababu hesabu zake hazikukubaliana na maumbile: jua lake lilipatwa siku moja baada ya mwezi mpevu, na giza lilidumu kupita kiasi. Mtu aliyewatungia Waafrika ujinga wa mambo ya mbingu alihitaji yeye mwenyewe kusahihishwa kuhusu mbingu.

Msomaji Mswahili wa mwaka 1929 alikuwa na sababu zaidi ya kutoyumbishwa na almanaka ya Good. Kiswahili kina neno kupatwa, na pwani nzima ilikuwa na swala yake ya kupatwa kwa jua na kwa mwezi. Mafundisho yanayosindikiza swala hiyo yanajulikana na kila aliyepita chuoni: jua na mwezi havipatwi kwa ajili ya kufa wala kuishi kwa mtu yeyote, na hayo yalisemwa siku jua lilipopatwa na watu wakadhani ni kwa sababu ya kifo cha Ibrahimu, mwana wa Mtume. Yaani hoja ambayo Good anaitumia kuwatisha wakuu wa Wakukuana ilikuwa imekwisha kukanushwa Madina karne kumi na mbili kabla ya Haggard kuishika kalamu. Tukiongeza manahodha walioendesha majahazi kwa nyota kutoka Lamu hadi Maskati, inaonekana wazi kwamba tafsiri ya Kiswahili iliwekwa mikononi mwa wasomaji ambao wengi wao wangeukataa mtego huo. Lakini kitabu hakiwaulizi. Kinawaketisha upande wa Quatermain, kinawanong'oneza siri ya almanaka, na kwa kuwashirikisha katika siri kinawafanya washiriki katika kicheko. Hiyo ndiyo hila ya tatu ya riwaya hii, na mdanganywa wake ni msomaji.

Anayebaki nje ya mtego ni Gagula. Wanapofikishwa mbele ya Twala kwa mara ya kwanza, kizee huyo anatambaa nje ya kivuli na kusema mambo mawili. Anawauliza wageni wametafuta nini, na anapowataja kuwa watu wa nyotani analirudia neno hilo mara ya pili kwa namna ambayo haiachi shaka kwamba anakejeli. Kisha anawaambia kwamba wanamtafuta mtu aliyepotea na kwamba wamekuja kwa ajili ya mawe yanayong'aa. Yote mawili ni kweli. Sir Henry anamtafuta ndugu yake, na hakuna kati yao aliyeyasahau mashimo. Baada ya hapo anamgeukia Umbopa, anasema kwamba mtu huyu hakuja kwa mawe wala kwa dhahabu, kwamba anaitambua harufu ya damu yake, na anataka avuliwe nguo ya kiunoni. Kisha anaanguka kwa kifafa na kubebwa.

Katika nusu dakika Gagula amesema utambulisho wa kweli wa kila mtu aliyesimama pale. Hana almanaka wala bunduki. Ana umri, kumbukumbu, na uzoefu wa hila, kwa kuwa yeye mwenyewe ndiye aliyeitunga hila iliyomweka Twala kitini. Haggard anakiita kipaji hicho uchawi, na kwa kukiita hivyo anajiokoa na kazi ngumu ya kukubali kwamba kizee wa Kiafrika amewasoma Waingereza watatu kama kitabu kilichofunguliwa. Anamchora kama nyani, kama maiti iliyokauka, kama tai. Anampa mikono yenye damu, na ni kweli anayo, maana anaelekeza mauaji ya watu wasio na hatia na baadaye anamuua Foulata. Makala haya hayamtetei. Yanachosema ni kwamba riwaya imeuweka ukweli wote katika kinywa kimoja, ikakipaka kinywa hicho kila uchafu ili asiwepo atakayekisikiliza, na mwishowe ikamponda mwenye kinywa chini ya mlango wa jiwe.

Tokeo lake halikuishia kitabuni. Gagool wa Kiingereza, aliyekuwa Gagula katika vinywa vya wasomaji wa Kiswahili, alitoka darasani akaingia mitaani, na jina lake likawa la kumtania au kumtukana mwanamke mzee, hasa aliyekonda, mwenye mgongo uliopinda na macho mekundu. Afrika Mashariki ni mahali ambapo tusi la namna hiyo halina usalama. Usukumani vikongwe wameuawa kwa miongo mingi kwa sababu ya macho mekundu, ambayo mara nyingi ni kazi ya moshi wa kinyesi cha ng'ombe na kuni jikoni. Kilifi wazee wa kike na wa kiume wameuawa na jamaa zao wenyewe. Kisii mwezi Mei 2008 wazee walichomwa moto hadi kufa kwa tuhuma za uchawi. Hakuna anayeweza kudai kwa haki kwamba Haggard au Johnson ndiye aliyezianzisha imani hizo, ambazo ni za kale kuliko vitabu vyao. Lakini mwalimu anayesimama mbele ya darasa na kuwachekesha wanafunzi kwa sauti ya Gagula anapaswa kujua kwamba baadhi yao wana bibi nyumbani.

Kuna jambo jingine ambalo tafsiri ililifanya, yawezekana bila kukusudia. Katika Kiingereza Haggard amewapa Wakukuana usemi wa kizamani, wenye viwakilishi ambavyo Waingereza walikwisha kuviacha katika mazungumzo, ili msomaji ahisi kwamba anawasikia watu wa enzi nyingine. Quatermain, kwa upande wake, anasimulia kwa Kiingereza cha kawaida cha mwindaji. Umbali kati ya lugha hizo mbili ndio umbali kati ya mstaarabu na mshenzi. Kiswahili hakina ngazi hiyo: wewe ni wewe, kwa mfalme na kwa mpagazi, na heshima huonyeshwa kwa njia nyingine kabisa. Mfasiri yeyote wa Kiswahili, awe na nia gani, hulazimika kuliangusha pazia hilo. Ignosi na Sir Henry wanajikuta wakisema lugha moja kwa kimo kimoja. Zaidi ya hayo, Quatermain mwenyewe sasa amevaa vazi la bandia: ni Mwingereza wa Durban anayesimulia kwa Kiswahili chenye asili ya Unguja, na msomaji wa Mombasa au Eldoret humkubali bila kumwomba ishara. Pengine hii ndiyo sababu kitabu kilipendwa. Wasomaji hawakulazimika kumfuata Quatermain peke yake. Lugha iliwafungulia njia ya kumfuata Ignosi.

Na Ignosi anastahili kufuatwa. Akishakuwa mfalme anawaambia rafiki zake maneno ambayo Haggard, kwa sifa yake, hakuyafuta: kwamba hatawaruhusu Wazungu wengine kuingia nchini mwake pamoja na bunduki na pombe zao, na kwamba njia ya milimani itafungwa, isipokuwa kwa wao watatu. Mfalme huyu alikuwapo uongo wa nyotani ulipotungwa, aliutumia, na anajua ulivyotengenezwa. Amri yake ya kwanza kuhusu wageni ni ya mtu aliyeiona almanaka kwa ndani. Wakati huo Quatermain anarudi nyumbani na almasi mifukoni. Wahenga husema njia ya mwongo ni fupi. Katika riwaya hii njia ya mwongo ina maili mamia kwenda na kurudi, na mwishoni kuna nyumba nzuri Uingereza.

Mtu akitoka hapo na kuingia katika utenzi wa Fumo Liyongo, kama ulivyotungwa na Muhamadi Kijumwa mwaka 1913, anakutana na hila nyingi zaidi lakini karibu hakuna sura ya bandia. Mfalme wa Pate anataka kumuua Liyongo, na Liyongo anajua. Wenzake wanapopanga kukwea mkoma kwa zamu ili wamlenge kwa mishale zamu yake itakapofika, anaziangusha koma kwa mshale akiwa chini. Gerezani anatuma ujumbe kwa mama yake kupitia kijakazi Saada, na tupa inafichwa ndani ya mkate wa wishwa, kwa kuwa walinzi watanyang'anya mkate mzuri na kuuacha ule wa makapi. Mkate huo ni ndugu wa Umbopa: kitu cha thamani kilichovaa unyonge. Tofauti ni kwamba hakuna Mzungu wa kuudhamini. Ujanja wenyewe, kelele za gungu zinazofunika sauti ya tupa, na mama anayeelewa neno bila kufafanuliwa, vinatosha.

Anapokuja muuaji, anakuja kwa jina lake na sura yake. Ni mwanawe Liyongo. Anamuuliza baba yake ni kitu gani kiwezacho kumuua, na Liyongo anatambua kwamba mtoto amehadaiwa, anamwambia hivyo, na bado anamjibu: sindano ya shaba kitovuni. Kikulacho ki nguoni mwako. Hapa hakuna utambulisho uliofichwa. Kilichoghushiwa ni udugu, na udugu haufichuliwi kwa alama ya kiunoni. Hila ya mwisho ni ya maiti. Liyongo aliyechomwa anakwenda penye kisima, anapiga goti, anaupinda upinde na kufa katika hali hiyo, na mji mzima unakaa na kiu ukimwogopa mtu asiyekuwapo. Wasomaji wa Haggard waliocheka giza la Good wangefaa kukitazama kisima hicho kwa muda mrefu. Mji wa Liyongo unaogopa kwa sababu unamfahamu.

Shaaban Robert katika Adili na Nduguze (1952) analipeleka jambo hilo mbele zaidi. Nduguze Adili wanaitwa Hasidi na Mwivu. Majina yanasema kila kitu, msomaji anajua tangu ukurasa wanapotajwa, na Adili peke yake ndiye asiyesikia. Wanamtosa baharini bila kujibadilisha hata unyoya. Sura ya bandia inakuja baadaye, kama adhabu: wanageuzwa manyani, na ndugu yao analazimika kuwapiga kila usiku huku akiwalilia. Katika Haggard mtu hujificha ili apate kitu. Katika Shaaban Robert watenda hila hupewa sura inayowafichua.

Baada ya hao alikuja Muhammed Said Abdulla. Mzimu wa Watu wa Kale, iliyochapishwa mwaka 1960 baada ya kushinda katika mashindano ya uandishi, inaanza na kifo ambacho watu wako tayari kukihusisha na mzimu. Bwana Msa haukubali ushahidi wa giza. Anauliza maswali, anatazama nyayo na tabia, na anaonyesha kwamba ni kazi ya binadamu mwenye jina na sababu zake. Kwa maana hiyo Abdulla aliwarudishia wenyeji kile ambacho wakuu wa Wakukuana walinyimwa: mtu wa kwao anayeweza kuipima ishara kabla ya kuipigia magoti. Anafanya kazi ya Silver chini ya ile miti ya Ben Gunn, na anaifanya Unguja, kwa Kiswahili, mbele ya Waswahili. Ni kweli kwamba anaifanya akiwa na kiko mdomoni, na kiko hicho kinatoka moja kwa moja kwa Sherlock Holmes. Ila wasomaji wa Abdulla walikitambua kiko hicho ni cha nani, na hakuna aliyewaambia kimetoka nyotani.